Namba 61,741,120: ilitoka wapi, ina sifa gani, na inatusaidiaje kukagua hesabu zetu

Kila tunapotaja hewani matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kuna maswali ambayo hayakosi kutufikia kutoka Tarime, Nyamongo, Mugumu na Sirari. Kwa nini siku moja mnasema milioni 61, siku nyingine milioni 61.7, na siku nyingine milioni 62? Namba ndefu hivyo inasomwaje? Na mtu wa kawaida asiye na kompyuta anawezaje kujua kwamba jumla aliyosomewa ni sahihi?

Hapa tunaieleza namba hiyo moja, 61,741,120, tarakimu kwa tarakimu. Tumeichagua kwa sababu ni yetu sote. Kama ulilala Tanzania usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 na karani akakuandika, wewe ni moja kati ya hizo. Pia vipimo tutakavyovitumia kuikagua ni vilevile unavyoweza kuvitumia kwenye daftari la kikoba, kwenye karatasi ya mazao ya chama cha msingi, au kwenye hesabu ya mnada wa ng'ombe.

Namba hii kwa ufupi

- Ina tarakimu nane.
- Ni namba shufwa, yaani inagawanyika kwa 2.
- Ukijumlisha tarakimu zake unapata 22.
- Vigawo vyake tasa ni 2 (mara sita), 5, 7, 43 na 641.
- Ina vigawo 112 kwa jumla.
- Ukiigawa kwa 3 inabaki 1, kwa 9 inabaki 4, na kwa 11 inabaki 1.

Ilitoka wapi

Tangu Muungano wa mwaka 1964, Tanzania imefanya sensa sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hii ya sita ndiyo ya kwanza ambayo makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Matokeo ya mwanzo yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022.

Jumla ilikuwa watu 61,741,120. Kati yao wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Sensa iliyotangulia, ya mwaka 2012, ilikuwa imehesabu watu 44,928,923. Kwa hiyo katika miaka kumi tuliongezeka watu 16,812,197.

Mkoa wetu wa Mara ulikuwa na watu 2,372,015. Hiyo ni sawa na kusema kwamba katika kila watu 26 nchini, mmoja hivi alikuwa Mara.

Kumbuka jambo moja. Sensa huhesabu watu waliolala nchini usiku ule, wawe raia au wageni. Namba hii ni kama picha iliyopigwa usiku mmoja. Tangu hapo watoto wamezaliwa na wazee wametutoka, kwa hiyo leo idadi si hiyo tena. Lakini picha yenyewe haibadiliki, na ndiyo inayotumika kupanga madarasa, zahanati na visima mpaka ipigwe nyingine.

Inasomwaje

Kwenye simu namba nyingi huja bila alama yoyote: 61741120. Jicho linapotea. Anza upande wa kulia, hesabu tarakimu tatu, weka mkato, kisha hesabu tatu nyingine, weka mkato tena. Utapata 61,741,120. Fungu la kwanza kutoka kushoto ni milioni, la pili ni maelfu, na la mwisho ni mamia, makumi na mamoja.

Darasani tutasoma: milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Mtaani wengi tutasema: milioni sitini na moja, laki saba na elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Zote ni sahihi, kwa kuwa laki moja ni elfu mia moja.

Hatari iko kwenye kukatisha maneno. Mnadani mtu akisema dume lake ni "laki nane na ishirini", kila aliyepo pale anaelewa 820,000. Lakini anayeandika kwa kufuata maneno yalivyo anaweza kuandika 800,020. Vivyo hivyo "milioni moja na mia mbili": kwa mfanyabiashara ni 1,200,000, kwa karani mgeni ni 1,000,200. Tofauti ni karibu shilingi laki mbili, na tofauti ya namna hiyo inaweza kuwafikisha watu kwa mtendaji. Bei ikishakubaliwa kwa mdomo, iandikwe kwa tarakimu zenye mikato mbele ya pande zote mbili, na kila upande uisome kwa sauti.

Kwa nini tunaikata

Tukisema "milioni 61.7" tumeacha nje watu 41,120. Ni kama kuacha watu wa kata mbili au tatu. Tukisema "milioni 62" tumeongeza watu 258,880 ambao hawakuhesabiwa. Kwenye taarifa ya redio inayopita kwa sekunde kumi, kukata namba kunamsaidia msikilizaji akumbuke. Kwenye hesabu inayogawa dawa au madawati, kukata ni kosa.

Wakati mwingine, hata hivyo, namba iliyokatwa ndiyo ya kweli zaidi. Nyumbu wa Serengeti hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Hakuna karani aliyepita kwa nyumbu mmoja mmoja. Wataalamu hurusha ndege, hupiga picha sehemu ya kundi, kisha hukadiria lote. Mtu akikuambia kuna nyumbu 1,300,417, hizo tarakimu za mwisho zimetungwa. Kwa hiyo ukipewa namba kubwa, uliza kwanza: hii imehesabiwa au imekadiriwa?

Ukitaka kuupima ukubwa wa 61,741,120, jaribu kuihesabu kwa mdomo. Ukitaja namba moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala wala kula, utamaliza baada ya siku 714 na zaidi ya saa 14. Ni karibu miaka miwili.

Inagawanyika kwa ngapi

Huhitaji kuigawa namba yote ili kujua inagawanyika kwa nini. Mara nyingi inatosha kutazama mkia wake.

Kwa 2: tarakimu ya mwisho ni 0, kwa hiyo ni shufwa. Tungeweza kupangwa nchi nzima wawiliwawili na asibaki mtu. Idadi ya Mara, 2,372,015, inaishia na 5. Hiyo ni witiri, na mtu mmoja angebaki peke yake.

Kwa 5 na 10: inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa zote mbili.

Kwa 4: tazama tarakimu mbili za mwisho. Ni 20, na 20 inagawanyika kwa 4. Inapita.

Kwa 8: tazama tarakimu tatu za mwisho. Ni 120, sawa na 8 mara 15. Inapita.

Ukiendelea hivyo utaona inapita pia kwa 16, kwa 32 na kwa 64, ila kwa 128 inakwama. Ndiyo maana tukasema 2 imo ndani yake mara sita: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 64.

Kwa 3 na 9: jumlisha tarakimu zote. 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22. Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, namba yote haigawanyiki. Tukipangwa watatuwatatu kama mafiga, mmoja atabaki.

Kwa 7: hapa kuna njia nzuri inayotumia ile mikato. Chukua mafungu matatu: 61, 741 na 120. Jumlisha la kwanza na la tatu: 61 + 120 = 181. Toa kwenye la kati: 741 − 181 = 560. Je, 560 inagawanyika kwa 7? Ndiyo, mara 80. Basi na namba yote inagawanyika kwa 7, na jibu lake ni 8,820,160. Kama watu wote wangepangiwa siku za juma kwa usawa, kila siku ingepata watu 8,820,160 kamili.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1,001, namba inayopita elfu kwa moja tu. Kwa namba yoyote yenye mafungu matatu, unaweza kuitumia kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

Vigawo tasa vyake

Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama inajengwa kwa kuzidisha namba tasa, tena kwa seti moja tu. Ni kama nyumba ambayo ukiibomoa utapata matofali yaleyale, uanzie ukuta wowote.

Matofali ya namba yetu ni haya:

61,741,120 = 64 × 5 × 7 × 43 × 641

Hakiki mwenyewe kwa kikokotoo cha simu: 64 × 5 ni 320. Mara 7 ni 2,240. Mara 43 ni 96,320. Mara 641 ni 61,741,120.

Utajuaje kwamba 641 ni tasa? Si lazima ujaribu namba zote mpaka 640. Jaribu namba tasa ambazo zikizidishwa kwa zenyewe hazipiti 641. Ya mwisho ni 23, maana 23 × 23 ni 529, na inayofuata, 29 × 29, ni 841. Jaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Zote zinaacha baki. Kazi imekwisha.

Vigawo 112 tunavipata hivi. Kigawo chochote kinaweza kuchukua 2 mara sifuri hadi mara sita, yaani njia saba. Kila moja ya 5, 7, 43 na 641 inachukuliwa au inaachwa, yaani njia mbili. Basi 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Maana yake, kuna njia 112 za kuwapanga watu wote wale kwenye makundi yaliyo sawa bila kumwacha mtu nje.

Baki la tisa: kipimo cha kwanza cha kukagua jumla

Sasa tunafika kwenye matumizi ya nyumbani. Tukirudi kwenye zile tarakimu zilizotupa 22, tujumlishe tena: 2 + 2 = 4. Hiyo 4 ndiyo baki ukigawa 61,741,120 kwa 9. Tuiite baki la tisa. Ukiishia na 9 yenyewe, hesabu kuwa ni 0.

Kwa nini inakuwa hivyo? Chukua shilingi 10,000 uwagawie watu tisa. Kila mmoja anapata 1,111 na inabaki shilingi moja. Shilingi 1,000 kwa watu tisa: 111 kila mmoja, inabaki moja. Mia inabaki moja, kumi inabaki moja. Kwa hiyo kila tarakimu inaacha baki sawa na yenyewe, popote ilipokaa. Kujumlisha tarakimu ni kukusanya mabaki.

Faida yake ni hii: mabaki hujumlishwa sawasawa na namba zenyewe. Tukague sensa.

Wanawake 31,687,990: tarakimu zinatoa 43, kisha 7.
Wanaume 30,053,130: zinatoa 15, kisha 6.
Jumla ya mabaki: 7 + 6 = 13, kisha 4.
Jumla kuu 61,741,120: zinatoa 22, kisha 4.

Zimelingana. Tukague na upande wa pili.

Tanzania Bara 59,851,347: zinatoa 42, kisha 6.
Zanzibar 1,889,773: zinatoa 43, kisha 7.
Jumla ya mabaki: 13, kisha 4.

Zimelingana tena. Tumekagua mamilioni ya watu kwa kujumlisha namba ndogondogo zinazotosha kwenye kipande cha karatasi.

Baki la kumi na moja: kipimo cha pili

Baki la tisa lina upofu mmoja mkubwa. Halioni tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa sababu jumla ya tarakimu haibadiliki. Sisi wenyewe tuliwahi kusoma hewani jumla ambayo tarakimu zake mbili zilikuwa zimepishana, na msikilizaji mwenye karatasi mkononi akatupigia kabla kipindi hakijaisha. Tulikuwa tumeikagua kwa jicho tu.

Dawa yake ni baki la kumi na moja. Anza na tarakimu ya mwisho kulia, toa inayofuata, jumlisha inayofuata, toa inayofuata, hivyo hivyo mpaka mwanzo. Ukipata jibu hasi, ongeza 11. Likizidi 10, toa 11.

61,741,120: 0 − 2 + 1 − 1 + 4 − 7 + 1 − 6 = −10. Ongeza 11, unapata 1.
Wanawake 31,687,990: 0 − 9 + 9 − 7 + 8 − 6 + 1 − 3 = −7. Ongeza 11, unapata 4.
Wanaume 30,053,130: 0 − 3 + 1 − 3 + 5 − 0 + 0 − 3 = −3. Ongeza 11, unapata 8.

4 + 8 = 12. Toa 11, unapata 1. Inalingana.

Sasa tuseme mwandishi amekosea, akaandika wanawake 31,678,990 badala ya 31,687,990. Baki la tisa litapita kana kwamba hakuna kitu. Baki la kumi na moja litakuwa 2 badala ya 4, na kosa litaonekana.

Kwenye daftari la kikoba

Tuchukue mfano wa kikundi kilichokusanya fedha kwa miezi mitatu: 1,246,500, kisha 873,200, kisha 2,058,750. Jumla sahihi ni 4,178,450. Mweka hazina, kwa uchovu wa jioni, ameandika 4,187,450.

Jaribu baki la tisa. Michango mitatu inatoa 0, 2 na 0, jumla 2. Jumla iliyoandikwa inatoa 32, kisha 5? Hapana. Hesabu polepole: 4 + 1 + 8 + 7 + 4 + 5 + 0 = 29, kisha 11, kisha 2. Imepita, ingawa ni kosa.

Jaribu baki la kumi na moja. Michango mitatu inatoa 2, 9 na 1, jumla 12, yaani 1. Jumla iliyoandikwa inatoa 0 − 5 + 4 − 7 + 8 − 1 + 4 = 3. Haikulingana. Daftari lirudiwe kabla watu hawajatawanyika.

Na hapa kuna jambo ambalo kila kikundi kinafaa kulijua. Fedha iliyomo sandukuni ni 4,178,450 na daftari linasema 4,187,450. Tofauti ni 9,000. Kabla ya kumtazama mweka hazina kwa jicho baya, gawa ile tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, au sifuri imeachwa au imeongezwa. Mtu aliyeandika 5,000 badala ya 50,000 anazaa tofauti ya 45,000, nayo inagawanyika kwa 9. Ni sheria isiyo na ubaguzi: kupishanisha tarakimu mbili, au kuacha sifuri ya mwisho, siku zote huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9.

Tofauti isipogawanyika kwa 9, kosa ni la aina nyingine: tarakimu moja imeandikwa vibaya, mchango mmoja umesahaulika, au fedha imetoka kweli.

Tuseme na mipaka yake. Hakuna kipimo kinachokamata kila kosa. Jumla yenye kosa inaweza kupita vipimo vyote viwili iwapo ukubwa wa kosa unagawanyika kwa 99. Tena, vipimo hivi hukamata makosa ya kuandika na kujumlisha. Aliyeandika tangu mwanzo mchango ambao haukuwepo, kisha akajumlisha vizuri, hesabu haitamshika. Huyo hushikwa na stakabadhi na mashahidi.

Hata namba ya simu haikaguliwi hivi, kwa sababu haina jumla ya kulinganisha nayo. Unapotuma fedha, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na uhesabu sifuri za kiasi unachotuma.

641 na kufuli la simu yako

Kigawo kikubwa kabisa kati ya vile tasa vya namba yetu, yaani 641, ni maarufu katika historia ya hesabu. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa akichunguza namba zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara nyingi kisha kuongeza 1. Aliamini kwamba 4,294,967,297, inayotokana na mbili thelathini na mbili zilizozidishwa kisha kuongeza 1, ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba sivyo: ni 641 × 6,700,417.

Kuzidisha namba hizo mbili ni kazi ya dakika chache kwa kalamu. Kuanza na 4,294,967,297 ukatafuta zilikotoka kulichukua zaidi ya miaka 90. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kugumu.

Mwaka 1977 wataalamu watatu nchini Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliugeuza ugumu huo kuwa kufuli. Namba mbili tasa kubwa sana huzidishwa, jibu hutangazwa wazi, na zile mbili hufichwa. Siku hizi jibu hilo huwa na tarakimu zaidi ya 600. Hii ni mojawapo ya njia zinazolinda mawasiliano kwenye mitandao. Lakini kufuli hilo halimsaidii mtu anayemtajia tapeli namba yake ya siri kwa mdomo.

6174 na mwaka 2022

Mwisho, sadfa moja ya kufurahisha. Tarakimu nne za kwanza za namba yetu ni 6174. Mwalimu wa shule nchini India, D. R. Kaprekar, aliitangaza sifa ya namba hiyo mwaka 1949. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo si zote sawa. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, utoe. Rudia kwa jibu. Hutapita hatua saba kabla ya kufika 6174.

Tuanze na mwaka wa sensa, 2022:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Ukiendelea, 7641 − 1467 inakurudisha 6174 palepale. Kukutana kwa mwaka 2022 na tarakimu za mwanzo za sensa ni bahati tu. Hakuna ishara humo, na asitokee mtu wa kukuuzia namba ya kubashiri kwa kisingizio hicho.

Zoezi la wiki

Ndugu zetu wa ng'ambo ya pili ya Sirari walihesabiwa mwaka 2019. Kenya ilitangaza wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na huntha 1,524. Jumla ikatangazwa kuwa 47,564,296. Kaa na watoto, mkague kwa baki la tisa. Mkifanya vizuri, pande zote mbili zitatoa 7. Kisha jaribuni baki la kumi na moja bila msaada wetu.

Baada ya hapo leteni daftari la kikundi mezani, mchukue ukurasa wa mwezi uliopita, mfanye vilevile.